Nahodha Aliyepungua Kimo

Charles Martell alipoanza ubaharia alikuwa pande la mtu, mrefu wa futi sita na inchi moja. Kufikia mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, nahodha huyu wa meli za biashara za Marekani alikuwa amepoteza inchi 7 za kimo chake, karibu sentimita 18. Shingo ilikuwa imezama mabegani, kidari kimechomoza kama cha njiwa, na mifupa ilikuwa imemvunjika mara kadhaa kwa mikwaruzano ambayo mtu mwingine angejipangusa vumbi akaendelea na safari. Mkojo wake ulitoka na changarawe nyeupe.

Aliyepata fununu ya kwanza alikuwa Eugene DuBois wa hospitali ya Bellevue, New York. Alipima kalsiamu katika damu ya nahodha, akakuta imepanda mno. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, James Collip wa Kanada alikuwa ametangaza dondoo alilolitoa katika vijitezi vya ng'ombe: ukimdunga mbwa, kalsiamu ya damu yake hupaa. DuBois akaunganisha mambo. Huenda ndani ya Martell mlikuwa na tezi iliyokuwa ikifanya, usiku na mchana, kile ambacho Collip alikifanya kwa sindano.

Nahodha akapelekwa Boston, katika Massachusetts General Hospital, kwa Joseph Aub. Daktari huyu alikuwa akiwatibu watu waliodhurika na sumu ya madini ya risasi, na aliwapa dondoo lile lile la Collip ili risasi iliyojificha mifupani itoke. Kwa hiyo aliijua vizuri sura ya mtu aliyezidishiwa homoni iliyomo katika dondoo hilo. Sasa aliiona kwa mtu ambaye hajadungwa chochote. Mwaka huo huo, mara mbili, daktari wa upasuaji Edward Richardson aliifungua shingo ya Martell kuutafuta uvimbe wa tezi hiyo. Hakuupata, alichokikuta ni tezi isiyo na kasoro. Mwaka 1929 shingo ikafunguliwa mara ya tatu, safari hii New York. Patupu.

Walichokuwa wakikitafuta, kikiwa kizima, ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele. Wengi wetu tunazo punje nne za namna hiyo, zimebanwa nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba mtu huambiwa ana rovu. Jina la punje hizo, parathairoidi, halisemi lolote kuhusu kazi yake. Linasema ni jirani tu, kama nyumba inayotambulishwa kwa kuwa iko nyuma ya msikiti.

Hazikuonekana kwa karne nyingi, ijapokuwa wapasuaji wa maiti walikuwa wengi na wenye bidii. Mwaka 1849 kifaru wa Kihindi alikufa katika bustani ya wanyama ya London, na Richard Owen, mtaalamu wa maumbile ya wanyama, akampasua. Shingoni mwa mnyama huyo mkubwa kupindukia akabaini kijitezi cha manjano. Akakiandika, kisha akaendelea na mengine. Ilibidi angojewe mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Uswidi, Ivar Sandström, ambaye mwaka 1877 alikiona kitu hicho hicho kwa mbwa, akapasua maiti 50 za watu ili kuwa na hakika, na mwaka 1880 akachapisha maelezo yake kwa Kiswidi. Karibu hakuna aliyeyasoma. Sandström alijiua mwaka 1889, kabla ya mtu yeyote kujua tezi alizozivumbua zinafanya kazi gani.

Wakati huo huo, ushahidi ulikuwa ukilala katika vitanda vya hospitali za Vienna. Baadhi ya wagonjwa waliotolewa rovu na Theodor Billroth na wanafunzi wake walipatwa, siku chache baadaye, na ganzi midomoni, vidole vikajikunja, misuli ikakakamaa; wengine walikufa. Kule Bern, Theodor Kocher, aliyepasua polepole na kwa usafi wa fundi saa, hakupata sana tatizo hilo. Mwenye kisu chepesi alikuwa anaondoka na punje bila kujua. Zinapokosekana punje hizo kalsiamu huanguka na mishipa ya fahamu hupoteza utulivu. Hilo lilithibitishwa Marekani mnamo 1908 na 1909, pale William MacCallum na Carl Voegtlin walipotuliza mikakamao ya wanyama waliotolewa parathairoidi kwa kuwapa kalsiamu.

Basi, upungufu ulieleweka. Wingi ndio uliowapotosha watu.

Vienna ndiko kosa lilikozaliwa na ndiko lilikosahihishwa. Jakob Erdheim, bingwa wa patholojia, aliona kwamba maiti zenye mifupa laini mara nyingi zina parathairoidi zilizokua. Akahitimisha kuwa mifupa huugua kwanza, kisha tezi hukua ili kuiokoa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga: katika upungufu wa vitamini D, na katika maradhi ya figo ya muda mrefu, mambo huenda hivyo hasa. Lakini mwaka 1915 mwenzake Friedrich Schlagenhaufer aliuliza swali rahisi. Kama tezi zinakua ili kusaidia, mbona kwa baadhi ya maiti imekua moja tu, na nyingine zimetulia? Akashauri hiyo moja itolewe kwa mgonjwa aliye hai. Miaka kumi ikapita.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa kondakta wa tramu wa Vienna, Albert, ambaye mifupa yake ilikuwa imeoza kwa ndani na paja lake lilikuwa limevunjika. Daktari wa upasuaji Felix Mandl alianza na wazo la zamani: alimwongezea tezi, akimpandikizia parathairoidi kutoka kwa mtu aliyefariki ajalini. Hali haikubadilika hata kidogo. Ndipo tarehe 30 Julai 1925 Mandl alipokwenda kinyume na wazo hilo, akaifungua shingo na kutoa uvimbe wa parathairoidi. Kalsiamu iliyokuwa ikimwagika kwenye mkojo ikapungua, maumivu ya mifupa yakaondoka, na kondakta aliyekuwa hawezi kusimama akatembea. Baada ya miaka kadhaa ugonjwa ulimrudia, na mwaka 1936 akafa. Lakini swali la Schlagenhaufer lilikuwa limejibiwa.

Jambo ambalo hata leo huwachanganya wagonjwa wakisomewa majibu ya maabara ni hili: kalsiamu imezidi katika damu, na mifupa haina kalsiamu. Inawezekanaje? Mwili wa mtu mzima una karibu kilo 1 ya kalsiamu, na asilimia 99 yake imo mifupani na menoni. Ile iliyomo kwenye damu haifiki gramu 1. Mifupa, mbali na kutubeba, ni kibubu, na parathairoidi ndizo zenye ufunguo. Kalsiamu ya damu ikishuka kidogo tu, tezi hizi huhisi, zikamwaga homoni ndani ya sekunde. Homoni hiyo huzichochea seli zinazobomoa mfupa ili kibubu kitoe akiba, huziamuru figo zisiiachie kalsiamu ipotee na mkojo, na huzifanya figo zikamilishe vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula. Kiwango kikirudi mahali pake, tezi hunyamaza. Kwa watu wengi wazima damu hukaa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita, wawe wamekula dagaa au wamelala njaa.

Kwa mgonjwa, tezi haisikii tena. Katika wagonjwa 100, kwa wastani 85 wana tezi moja tu iliyoota uvimbe usio wa saratani. Waliobaki wengi wao tezi zaidi ya moja zimenenepa, na saratani yenyewe ni nadra, chini ya mmoja kwa mia. Damu ikijaa kalsiamu, tezi iliyoharibika inaendelea kudai. Kibubu kinavunjwa kulipa deni ambalo halipo.

Kinachofuata hutegemea kalsiamu inakwenda wapi. Figo huelemewa, ingawa homoni yenyewe huzitaka ziizuie, na ile inayofurika kwenye mkojo hujipanga kuwa mawe. Maumivu ya jiwe linalosafiri kwenye mrija wa mkojo hayahitaji kuelezwa kwa aliyewahi kuyapata. Mbali na mawe, kalsiamu nyingi huiharibia figo uwezo wa kurudisha maji mwilini, hivyo mtu hukojoa sana, akawa na kiu isiyoisha. Dalili hizo mbili kwetu zina jina tayari: sukari. Mgonjwa hupimwa sukari, haionekani, akarudishwa nyumbani na kiu yake.

Utumbo nao hulegea, choo kikawa kigumu, hamu ya chakula ikapotea, kichefuchefu kikaja. Wachache hata kongosho huvimba. Mwaka 1957 daktari Walter St. Goar aliyafupisha haya kwa maneno yenye vina, mawe na mifupa na miguno ya tumbo, na wanafunzi wa udaktari wanayakariri hadi leo, mara nyingi wakiongeza la nne kuhusu akili. La nne ndilo gumu kuliko yote. Uchovu, usingizi usiotulia, kusahau, moyo mzito usio na sababu: mama wa miaka 60 akiyasema hayo, nani atafikiria shingo? Ataambiwa ni umri, au ni mawazo ya watoto walio mbali. Na kweli, mara nyingi huwa ni umri, au ni mawazo. Hapo ndipo ugonjwa unapopata maficho yake bora, maana huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma, katika miaka ambayo malalamiko yao husikilizwa kwa sikio moja.

Pale kalsiamu inapopita milimoli 3.5 hakuna tena cha kufichika. Mtu huchanganyikiwa, mwili hukauka maji, mapigo ya moyo huvurugika, na anaweza kuzimia asiamke. Hiyo ni dharura, na dawa ya kwanza ni ya kawaida kabisa: maji ya dripu, mengi.

Kule Boston, kijana Fuller Albright, aliyekuwa ameingia katika kundi la Aub, aliona jambo lililobadilisha hesabu yote. Kwa miaka kadhaa iliaminika kuwa ugonjwa wa parathairoidi ni ugonjwa wa mifupa. Albright alitambua kwamba wagonjwa waliokunywa maziwa kwa wingi mara nyingi walikuwa na mifupa mizima. Maziwa yalilipa deni badala ya kibubu, na malipo yakapitia kwenye figo. Kwa hiyo hawa hawakuvunjika, waliota mawe. Walikuwa wamekaa wodi nyingine, kwa madaktari wa njia ya mkojo, wala hakuna aliyekuwa amewatazama kwa jicho hilo. Hospitali ikaanza kupima kalsiamu kwa watu wenye mawe ya figo, na ugonjwa uliodhaniwa ni wa ajabu ukaanza kuokotwa mmoja baada ya mwingine.

Badiliko la pili lililetwa na mashine. Katika miaka ya 1970 maabara za Marekani zilianza kutumia mitambo iliyopima vitu vingi kwa mara moja kutoka tone dogo la damu, na kalsiamu ikiwemo hata kama daktari hakuiomba. Katika mji wa Rochester, Minnesota, ambako kipimo hicho kilianza kufanywa kwa kila mtu mwaka 1974, idadi ya wagonjwa wapya iliruka mara kadhaa papo hapo. Wengi hawakuwa na jiwe wala mfupa uliovunjika. Walikuja kupimwa mengine, wakaondoka na namba. Huko China na India, ambako kwa miaka mingi kipimo hakikuwa cha kawaida, wagonjwa waliendelea kufika hospitali wakiwa na sura ya zamani, ile ya Albert na Martell. Afrika Mashariki nako zahanati haipimi kalsiamu; mpaka mtu afike hospitali kubwa, na mpaka daktari awe na sababu ya kuiandika kwenye fomu.

Namba yenyewe peke yake haitoshi, na hapa kuna mtego mmoja ambao umewanasa hata madaktari. Kalsiamu ikizidi, lazima homoni ya parathairoidi ipimwe pia, kipimo kilichowezekana baada ya kazi ya Solomon Berson na Rosalyn Yalow wa New York mwaka 1963. Ikiwa kalsiamu imepandishwa na saratani ya mahali pengine, tezi nzima hunyamaza, na homoni huwa chini. Ikiwa homoni iko juu, kosa ni la tezi. Lakini je, ikiwa fomu inaonyesha homoni ni "ya kawaida"? Kalsiamu ikiwa juu, homoni haina ruhusa ya kuwa ya kawaida, ilipaswa kuzimika. Wagonjwa wengi wamepoteza miaka kwa ajili ya neno hilo moja lililochapwa kwenye karatasi ya majibu. Kabla ya kisu, daktari huangalia pia mkoba wa dawa, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, na lithiamu inayotumika katika maradhi ya akili, navyo huweza kupandisha kalsiamu.

Ndugu wa mgonjwa kwa kawaida huwa na ushauri wao: acha maziwa, acha dagaa. Unaonekana wa busara, lakini ni mbaya. Tezi ikinyimwa kalsiamu ya chakula hukiendea kibubu kwa nguvu zaidi. Wataalamu hushauri mgonjwa ale kama watu wengine, arekebishiwe vitamini D kama imepungua, na anywe maji kwa wingi.

Tiba inayomaliza ugonjwa ni moja, kutoa tezi iliyoharibika, na katika mikono iliyozoea hufanikiwa kwa wagonjwa zaidi ya 95 katika 100. Wenye mawe, wenye mifupa iliyopungua, wenye figo zilizodhoofu na walio chini ya miaka 50 hushauriwa wafanyiwe. Mzee mwenye namba iliyopanda kidogo, asiye na kingine, anaweza kufuatiliwa tu, na ipo dawa, sinakalseti, inayoshusha kalsiamu kwa asiyeweza kupasuliwa. Baada ya upasuaji mifupa huanza kujaa tena na mawe hupungua. Kuhusu moyo mzito na uchovu, ahadi inafaa iwe ndogo: wengine husema wamezaliwa upya, na wengine hawaoni tofauti.

Siku hizi uvimbe hutafutwa kwanza kwa altrasaundi na kwa picha za dawa yenye mnunurisho. John Doppman, bingwa wa picha za mwili aliyetumia maisha yake kuutafuta kwa mashine, aliwahi kusema kwamba kitu pekee cha kutafutwa kabla ya upasuaji huu ni daktari wa upasuaji mwenye uzoefu. Homoni yenyewe pia imekuwa mpelelezi, kwa sababu hubaki kwenye damu dakika chache tu. Tezi ikishatolewa, daktari husubiri dakika kumi, damu huchukuliwa mgonjwa akiwa bado mezani, na homoni ikiwa imeshuka kwa nusu au zaidi, shingo hushonwa. Isiposhuka, huendelea kutafuta, na hujua pa kutafuta, kwa sababu mimba humfundisha. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, parathairoidi za chini huota juu, karibu na koo, kisha hushuka pamoja na tezi ya thaimasi inayoelekea kifuani. Mara nyingine husahau kusimama njiani.

Madaktari wa Boston walilijua hilo mwaka 1932. Martell alikuwa ameamua kurudi kwao, na hakukaa kitandani kungoja. Alisoma vitabu vya anatomia katika maktaba ya Harvard, kama nahodha anavyosoma ramani ya maji asiyoyajua. Oliver Cope, daktari kijana, naye alifanya mazoezi kwa kupasua maiti ili macho yazoee rangi na umbo la tezi hizo. Cope na mkubwa wake Edward Churchill wakamrudia Martell shingoni mara tatu nyingine. Hakuna kitu. Nahodha akasisitiza watafute kifuani. Katika upasuaji wa saba wakapasua mfupa wa kidari, na nyuma yake ukaonekana uvimbe wa hudhurungi, kipenyo chake sentimita 3. Tezi ilikuwa imesafiri hadi huko kabla Martell hajazaliwa.

Waliogopa kuuondoa wote. Walifahamu kwamba mifupa iliyonyonywa kwa miaka kumi na zaidi, tezi ikishanyamaza, hugeuka na kunyonya kalsiamu yote ya damu. Madaktari wa leo huita hali hiyo njaa ya mifupa, na huikabili kwa kumjaza mgonjwa kalsiamu na vitamini D kabla na baada ya upasuaji. Churchill na Cope waliacha kipande kidogo cha uvimbe kikiwa na mshipa wake wa damu. Haikusaidia. Siku chache baadaye vidole vya nahodha vikaanza kujikunja, misuli ikakakamaa kama ya wale wagonjwa wa rovu wa Vienna, wakampa kalsiamu nyingi. Kisha jiwe moja kati ya mawe ya zamani, lililotengenezwa na tezi ambayo sasa ilibaki kipande tu, likaziba mrija wa figo. Ikabidi apasuliwe tena ili aokolewe figo. Koo likajifunga kwa mkakamao, na Charles Martell akafa, wiki sita hivi baada ya uvimbe wake kupatikana.